SOMO LA MWEZI: Mpango wa Serikali na Mikorosho Yetu

Wakulima wa Gede, Mtondia, Tezo-Roka, Ngerenya na skimu nyingine zote za Barani, somo la mwezi huu si la mbolea wala la dawa ya wadudu. Ni somo juu ya mipango, yaani jinsi serikali ya nchi isiyo na nguvu kubwa sokoni inavyojitayarisha mapema, ili mazao ya watu wake yapate kununuliwa kwa bei nzuri wakati nchi nyingine zinauza mazao yale yale. Huenda mtu akafikiri kwamba jambo hili ni la wakubwa wa Nairobi. Sivyo. Lahusu shamba lako, na tutaeleza kwa nini.

Somo lenyewe limeletwa na swali. Mwandishi wa habari hizi alimtembelea mzee mmoja huko Tezo, akamkuta ameketi chini ya mkorosho mkubwa, shoka limelazwa kando yake. Shambani mwake mna mikorosho arobaini na mitatu, mingi ilipandwa na marehemu baba yake. Mchoma makaa alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuuliza bei.

"Mwanangu," alisema mzee, "baba yangu aliambiwa panda, akapanda. Kiwanda kikajengwa pale Kilifi, tukauza. Kiwanda kikafungwa. Sasa mwatuambia tena panda. Mchoma makaa haniambii panda. Yeye huja na pesa mkononi. Haya nambie, katika hao wawili, mwenye mpango ni yupi?"

Ni swali la haki, wala halijibiwi kwa kumwambia mzee awe na subira.

KWA NINI TWAITWA NCHI NDOGO

Mtu aweza kusema, Kenya si ndogo. Kutoka Vanga hadi Moyale ni safari ndefu. Ni kweli, lakini sokoni nchi haipimwi kwa maili. Ulizo ni moja tu: nchi hiyo ikiacha kuuza zao lake, je, bei ya dunia itapanda? Kama wakulima wote wa Kilifi, Kwale na Lamu wangezifungia korosho zao majumbani mwaka mzima, mnunuzi wa Vietnam au wa India hangetambua. Angenunua Tanzania, au Kodivaa huko Afrika ya Magharibi, ambako sasa huvunwa korosho nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Hapo ndipo udogo wetu.

Wazee wa Vipingo na Kilifi wanaukumbuka mkonge. Mwaka 1963 na 1964 bei yake ilikuwa juu sana. Kisha viwanda vya ng'ambo vikaleta kamba za plastiki, rahisi na nyepesi, na bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi ya Kenya na Tanzania yakageuka kuwa msitu. Vipingo walidumu, na mkonge ungali ukionekana kando ya barabara ya Mombasa. Hakuna mtu wa mkonge aliyekuwa amelima vibaya. Shauri lilikatwa mahali pengine, na watu wasiojua hata Vipingo iko wapi.

Basi nchi ya namna yetu haiwezi kupanga bei. Iwezayo kupanga ni mambo yaliyo upande wake wa mizani, kama vile miche, ghala, barabara na kiwanda, na zaidi ya yote, lipi litangulia na lipi lifuate.

HABARI ZA MORISI

Tutazame kwanza kisiwa cha Morisi katika bahari hii hii ya Hindi, kwani mambo yake ni rahisi kuyaona. Kaunti ya Kilifi peke yake ni kubwa kuliko kisiwa hicho mara sita. Watu wake ni kama milioni moja na robo, na sisi wa Kilifi tulipohesabiwa mwaka 2019 tulikuwa 1,453,787. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya Morisi tunazungumza juu ya nchi isiyofika hata wilaya zetu kwa ukubwa.

Zamani Morisi ilitegemea miwa, na miwa tu. Mwaka 1960 kimbunga kikali kiliivunja miwa na nyumba za watu. Mwaka 1961 ikatoka taarifa ya bingwa mmoja wa uchumi kutoka Uingereza, James Meade, iliyoonya kwamba watu wanaongezeka upesi na miwa haitawatosha. Kisiwa kilipata uhuru mwaka 1968, na mwaka 1970 ikatungwa sheria ya kuvutia viwanda vya kutengeneza vitu vya kuuzwa ng'ambo. Nguo zikaanza kushonwa huko. Lakini miwa haikung'olewa. Mwaka 1975 walifanya mkataba na nchi za Ulaya, wakawa wanauza karibu tani nusu milioni za sukari kila mwaka kwa bei ambayo mara nyingi ilikuwa juu ya bei ya dunia, na sehemu ya faida ile ikatiwa katika viwanda vya nguo na mahoteli.

Watu wa Morisi walijua kwamba neema ile haitadumu. Mwaka 2006 Ulaya ilianza kuipunguza bei ya sukari, ikashuka kwa asilimia 36, na mwaka 2009 mkataba ukaisha. Wakati huo viwanda vidogo vya sukari vilikuwa vikiunganishwa. Mitambo ya kusafisha sukari ikajengwa kisiwani ili wauze sukari nyeupe iliyo tayari kwa meza, badala ya kuuza ile ghafi ikasafishwe Ulaya. Makapi ya miwa yakachomwa kutoa umeme, na wenye vishamba vidogo wakasaidiwa kuunganisha kazi zao ili mashine moja ipite katika mashamba ya watu wengi. Tusiseme kwamba wote waliokoka. Wakulima wengi wadogo waliiacha miwa, na wafanyakazi wengi walipunguzwa, ingawa wengi wao walipewa malipo na viwanja. Hata hivyo tarehe zenyewe zafaa kuangaliwa: sheria ile ya mwaka 1970 ilitungwa miaka 39 kabla ya mkataba wa sukari kuisha. Huo ndio umri wa mkorosho mzima.

KIWANDA CHA KILIFI

Sasa turudi kwetu. Kila mtu ajue kwanza kwa nini kubangua korosho ni jambo kubwa. Ukichukua kilo tano za korosho ghafi ukazibangua, utapata kama kilo moja ya viini. Zilizobaki ni ganda, lenye mafuta makali yanayochoma ngozi. Kwa hiyo korosho ghafi ikipakiwa melini Mombasa, katika kila kilo tano twalipa nauli ya kilo nne za ganda, na kazi ya kubangua, kumenya, kuchagua na kufunga hupewa watu wa nchi nyingine. Wenye kazi hiyo kwa wingi leo ni watu wa Vietnam. Hao nao wana mikorosho yao, lakini hununua sehemu kubwa ya korosho ghafi kutoka Afrika, wakabangua kwa mashine walizozibuni wenyewe, wakauza viini duniani kote.

Serikali ya Kenya iliyaona mambo hayo mapema. Katikati ya miaka ya 1970 kiwanda cha korosho kilijengwa Kilifi, mashirika ya serikali yakiwa na hisa, na chama kikuu cha ushirika cha wilaya nacho kikiwa na hisa kwa niaba ya wakulima. Kiwanda kilifanya kazi. Wako wakulima waliosomesha watoto kwa korosho, na wako watu wa mji wa Kilifi waliojenga nyumba kwa mshahara wa kubangua. Miaka ya 1990 serikali ilipokuwa ikiuza mali zake nyingi, na hisa za kiwanda hiki ziliuzwa, na kabla ya miaka hiyo kumalizika kiwanda kilikuwa kimefungwa. Baadaye wengine walijaribu kukifufua, lakini hali ya kwanza haikurudi.

Watu hubishana sana juu ya nani aliyekiua. Hapa hatutaki kesi. Twataka kuelewa jinsi kinavyokufa kiwanda cha namna hii. Mfikirie mwenye mashine ya kusaga posho. Akiwasha injini, mafuta yataungua na kijana wake atataka mshahara, ziletwe debe hamsini au ziletwe debe kumi. Zikiletwa kumi, gharama ya kila debe ni kubwa mno. Ndivyo ilivyo kwa kiwanda. Mikorosho yetu mingi ilipandwa kwa mbegu isiyochaguliwa, ikabanana. Ikazeeka. Maua yakashikwa na ule ugonjwa mweupe kama unga, ambao ndugu zetu wa Mtwara huuita ubwiriunga, na wengi hatukuwa na dawa wala bomba la kupulizia. Mavuno yakapungua. Kiwanda kikipata korosho chache, kila kilo yagharimu zaidi, na fedha za kumlipa mkulima zachelewa. Naye mkulima ana ada ya shule ya mwezi wa kwanza, hivyo humwuzia mchuuzi anayepima kwa kopo na kulipa papo hapo. Kiwanda chapata chache zaidi, na malipo yazidi kuchelewa.

Kwa maoni yetu, kujenga halikuwa kosa. Mpango ulihesabu mashine kwa uangalifu, lakini miti ilihesabiwa kana kwamba haizeeki. Yalihitajika mashamba ya miche bora, na fedha za kumlipa mkulima siku ile ile anapoleta gunia, tena yawe tayari kabla ya mtambo wa kwanza kuzungushwa.

WALIYOYAONA MTWARA

Wala si sisi peke yetu. Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho katika msimu wa 1973/74. Viwanda vikubwa vikajengwa kwa fedha za mkopo. Lakini wakati huo huo watu walikuwa wakihamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, pori likaota mashambani na ubwiriunga ukaingia. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000, na viwanda vilikaa na mashine zisizo na cha kubangua. Mpango wa viwanda na mpango wa vijiji ulitoka kwa serikali moja, lakini kila mmoja ulikwenda njia yake.

Baadaye walianza upya kwa kufuata mti. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kilionyesha jinsi salfa inavyozuia ubwiriunga, kikachagua miti bora ya kuzalisha miche. Tangu 2007 ukaanzishwa utaratibu wa stakabadhi za ghala: mkulima hupeleka korosho ghalani kwa chama chake, hupewa stakabadhi, nazo korosho huuzwa kwa mnada. Katika msimu wa 2017/18 walivuna zaidi ya tani 300,000. Hata hivyo, sehemu kubwa ya korosho hizo ziliuzwa zikiwa ghafi, na mwaka 2018 kulipotokea mvutano wa bei kati ya wakulima na wafanyabiashara, serikali iliamua kuzinunua yenyewe, ikawaita hata wanajeshi kuzibeba. Kwa hiyo na wao wamemaliza nusu ya kazi. Lakini nusu waliyoimaliza ndiyo iliyotushinda sisi.

ZUIO LA MWAKA 2009

Mwaka 2009 serikali yetu ilipiga marufuku kuuza ng'ambo korosho na makadamia zisizobanguliwa. Nia ilikuwa njema, kwamba kazi ya kubangua ibaki nchini. Mkulima hana budi kuelewa pande zake mbili. Zuio humhakikishia mwenye kiwanda kwamba korosho hazitatoroka, naye aweza kununua mashine bila hofu. Lakini humwondolea mkulima mnunuzi wa ng'ambo. Na kama wabanguaji wa ndani ni wachache, hawana haja ya kushindana, na bei ya shambani yaweza kushuka. Mzee wa Tezo alilijua hili bila kusoma kitabu chochote. Alisema, "Ukimfungia ng'ombe asiende kwa jirani, umtilie na majani."

Zuio ni kama tegemeo la mti mchanga, lina wakati wake. Lifuatwe na wabanguaji wengi, wadogo kwa wakubwa, na miche mipya mashambani. Bila hayo, gharama ya kulinda kiwanda yabebwa na mwenye mkorosho, ambaye hakuulizwa.

Wanaolima maembe wana mfano mwingine. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya inzi wa matunda, ikirudi sokoni mwaka 2021. Walioanza kutayarishwa ni wakulima wa Makueni, ambao mashamba yao yaliwekewa mitego ya inzi na kukaguliwa. Ngowe ya kwetu ni embe la sifa kubwa, lakini sifa haiui inzi.

MIPANGO ILIYOTUPITA

Si kila mpango huwafikia watu wote sawa, na yafaa kusema wazi. Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965, uliokuwa msingi wa mipango ya baada ya Uhuru, ulisema kwamba fedha zitiwe kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, maana huko ndiko zitakakozaa upesi. Kwa hesabu ya fedha hoja hiyo yaeleweka. Kwa mtu wa Ganze au Bamba maana yake ilikuwa kukaa mwisho wa foleni.

Kisha Magarini. Kuanzia mwaka 1978, kwa msaada wa Australia, msitu ulifyekwa kaskazini ya mto Sabaki ili maelfu ya watu wagawiwe mashamba. Maji yalitafutwa kwa gharama kubwa, yasipatikane ya kutosha. Mwaka 1989 wafadhili waliondoka. Watu wa Magarini walikuwa wakilima huko tangu zamani, wakihamahama na mvua kwa maarifa yao, na wangaliweza kuwaambia wapimaji mahali maji yanapokosekana. Waliulizwa mambo mengi mchoro ukiwa umekwisha chorwa.

MAHALI PA MKULIMA KATIKA MPANGO

Siku hizi kuna njia ya kuulizwa mapema, lakini ina tarehe zake. Kwa Katiba ya mwaka 2010 na sheria za 2012, kila kaunti huandika mpango wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na baada ya uchaguzi wa 2027 utaandikwa mwingine. Kutoka katika huo wa miaka mitano hutolewa mpango wa kila mwaka, ambao hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio ya fedha nayo hufikishwa huko kabla ya tarehe 30 Aprili. Mkulima akienda barazani mwezi wa sita kuomba miche, makadirio yamekwisha kuandikwa zamani. Akienda mwezi wa saba, wakati mpango wa mwaka unaofuata ungali unaandikwa, neno lake laweza kuingia.

Na akisimama aulize mambo yanayopimika. Miche mingapi ya mikorosho ya kupandikizwa itatolewa, na itaotezwa wapi? Nani atanunua korosho, kwa mizani gani, na malipo yatatoka siku ya ngapi? Kiwanda kikitajwa, kinahitaji magunia mangapi kwa msimu, na hayo magunia yako mashambani sasa, au yako kwenye karatasi? Kama jibu la swali la mwisho halipo, andikeni kwamba halipo, mlete tena mwaka unaofuata.

Mwandishi alimweleza mzee wa Tezo hayo yote, kisha wakapita shambani pamoja kuitazama mikorosho mmoja mmoja. Minane ilikuwa imekufa au imeliwa na mchwa. Kumi na mitano ilibanana hata jua halifiki chini, na mkorosho hutoa maua pale tu jua linapopiga. Iliyobaki ilikuwa mizima, ila ilihitaji kupogolewa. Mkorosho mzee ulio na mizizi mizuri waweza pia kukatwa shina, ukaacha machipukizi yatoke, yakapandikizwa vikonyo vya mti bora. Kituo cha utafiti cha KALRO pale Mtwapa chashughulika na mikorosho, na mabwana shamba waweza kueleza jinsi ya kupata vikonyo na miche. Mche uliopandikizwa, ukitunzwa, huanza kuzaa kama mwaka wa tatu, na katikati ya mistari mkulima apanda kunde au mahindi mpaka matawi yatakapokutana.

Mzee alihesabu kwa vidole. "Miaka mitatu," alisema. "Na kiwanda?"

Aliambiwa ukweli, kwamba mwandishi hawezi kumwahidi kiwanda. Awezalo kumwonyesha ni kwamba bila miti hakitakuja, au kikija kitafungwa kama kile cha kwanza. Na kwamba mwenye miti mizuri ishirini ana neno la kusema penye baraza na penye mizani, hata kwa mchuuzi wa kopo.

Akaamua kuuza ile minane iliyokufa, na saba katika ile iliyobanana. Mashimo ya miche yatachimbwa kabla ya masika, futi mbili kwenda chini na hatua kumi na mbili toka shimo hadi shimo, udongo wa juu uwekwe upande wake na kuchanganywa na samadi. Kisha akamwita mjukuu wake aandike katika daftari la shule tarehe ya baraza la mwezi wa saba. Mchoma makaa alikuwa tayari njiani na baiskeli yake, akingoja kuitwa.